Benchi la Nje

Tulimzika Munganga Musafiri Jumamosi, na kama sifa zingekuwa udongo, kaburi lake lingejaa kabla wachimbaji hawajashika sepetu. Mchungaji alisema marehemu alikuwa baba wa meno ya Bunia. Mpwa wake aliyetoka Kinshasa alisema marehemu alikuwa mtu wa sayansi. Mzee mmoja wa sokoni, ambaye hana hata jino moja la mbele, na aliyemng'oa yote ni marehemu mwenyewe, alilia machozi ya kweli. Mimi nilikuwa chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki, nimejifunika kitenge hadi puani. Watu waliniona nina huzuni kubwa. Sikuwa na huzuni yoyote. Nilikuwa na tutuko la mdomo, yale malengelenge madogo yanayonirudia upande wa kulia wa mdomo wa chini tangu utoto, kila ninapopata homa, jua kali au hasira, na wiki ile ya matanga nilikuwa nimepata vyote vitatu. Nina miaka zaidi ya sitini. Nimewaambia wagonjwa elfu na moja kwamba kitu hiki si aibu. Na bado nilijifunika. Ndipo mwanamke mmoja mwembamba mwenye mvi akavuta kiti akaketi karibu nami, akainama kunitazama machoni, akasema, "Zawadi, ni weye?" Alikuwa Masika. Hatukuwa tumeonana tangu nikiwa na miaka ishirini.

Habari za wazazi wangu na kilichonileta mjini naziacha. Hazina kosa katika mambo haya. Mwaka ninaoutaja ni mwanzo wa miaka ya themanini, wakati tulipokuwa bado tunaitana citoyen na citoyenne, yaani raia, ofisini na kusahau tukifika nyumbani. Nilipanga chumba mtaa wa Mudzipela, katika lupango ya mama mmoja mjane, ua wenye vyumba vya kupangisha, na chumba cha pili kilichopakana na changu alipanga Masika, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa wafanyabiashara waliohamia Bunia kutoka upande wa Butembo. Vyumba vyetu vilikuwa na sakafu ya udongo na dirisha moja moja lisilo na kioo. Sufuria nilikuwa nayo mimi, kikombe alikuwa nacho yeye: kikombe cha bati cha rangi ya bluu, kimebanduka ukingoni. Changu kilikuwa kimetoboka, na sikuwa na haraka ya kununua kingine, kwa sababu asubuhi zile zilikuwa tamu hivyo hivyo. Tulikaa kizingitini na mikate ya mafuta kwenye gazeti, anakunywa chai, ananipa, nakunywa, namrudishia, huku akinisimulia habari za Bahati. Bahati alikuwa mchumba wake, kijana wa Boga aliyefanya kazi ya douane, forodha ya mpakani, kule Aru. Ndoa yao ilikuwa imeshaanza kutangazwa kanisani. Masika hakuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini akifika kwenye jina la Bahati alikuwa anakishika kikombe kwa mikono miwili na kusahau kwamba mwenzake ana kiu.

Hatujamaliza hata miezi miwili ya kikombe kile, Masika akashikwa na homa kali. Ufizi ulivimba ukawa mwekundu na kutoka damu, ulimi na kaakaa vikajaa vidonda vidogo vidogo, akashindwa kumeza hata mate. Mama mwenye nyumba alisema ni malaria inayotokea mdomoni. Nilimpelekea uji uliopoa, nikamlisha kwa kijiko, nikajiona mwema sana. Alipona baada ya wiki mbili. Kisha, kama baada ya mwezi, kikundi cha malengelenge kikamtokea kwenye ukingo wa mdomo wa juu, kikapasuka, kikatoa maji, kikafanya ganda la njano. Na kwa kuwa mimi jirani yake nilikuwa mfanyakazi wa hospitali, nilimpeleka kwetu.

Kwetu ni kusema chumba cha meno, mwisho wa jengo refu la hospitali, ambapo nilikuwa ninajifunza kazi. Kiti cha mgonjwa kilikuwa cha chuma, cha kuinuliwa kwa mguu, lakini kilikuwa kimekwama chini tangu zamani, basi Munganga Musafiri aling'oa meno akiwa ameinama mwaka mzima, na mgongo ulipomuuma alitukana wagonjwa. Koleo zilichemshwa juu ya mbabula ya makaa uani, kama makaa yapo. Glavu tulizisikia tu. Yeye mwenyewe hakuwa daktari. Alikuwa infirmier, muuguzi aliyefundishwa kung'oa kwa miezi michache, na kung'oa alijua, sitamnyima haki yake. Kilichonishinda ni bluzi lake jeupe la kidaktari lenye kalamu tatu mfukoni, moja tu ikiandika, na ile sauti ya puani aliyoitumia akitaja jina la ugonjwa. Debe tupu haliachi kuvuma. Kwake kila kinywa kilikuwa na dawa mbili: koleo au sindano. Kinachouma kinang'olewa. Kinachoonekana kwa nje kinachomwa pénicilline.

Kuhusu vidonda vya mdomo vinavyorudi alikuwa na elimu yake ya pekee. Kwake yeye, kidonda cha mdomo kikirudi mara ya pili ni kaswende, basi. Alichukua fishi ya mgonjwa, yaani kadi yake, akapaka pembe yake kwa kalamu nyekundu, na kuanzia hapo mgonjwa huyo hakukaa tena barazani na wengine. Alikaa kwenye benchi la nje, ubao mmoja juu ya matofali, chini ya dirisha letu, ukitazama njia ya soko. Kila mama aliyepita na kapu lake la samaki wa Tchomia alijua benchi lile ni la nini. Siku moja nilithubutu kumuuliza anajuaje. Alikuwa anakula, maana chakula chake cha mchana alikilia juu ya meza ile ile ya koleo: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa chumvi mwenye pilipili nyingi. Alilamba vidole kwanza.

"Nachoma yeye sindano siku ya kwanza," akasema. "Siku ya munane, siku ya kumi, kidonda inakauka. Pénicilline haidanganye, Zawadi."

"Na ikirudia?"

"Ikirudia ni kusema mwenyewe alirudia kwa zambi yake."

Mtu wa sayansi. Tutuko hukauka lenyewe siku ya nane au ya kumi hata ukilichoma sindano ya maji ya kisima. Kwa hiyo dawa yake haikushindwa hata mara moja, na ugonjwa uliporudi, maana kawaida yake ni kurudi, mwenye makosa alikuwa mgonjwa. Sijapata kuona tena katika maisha yangu ujinga uliojengwa vizuri namna ile, usio na mlango wala dirisha la kuingilia.

Mimi nilijua. Nisiandike hapa kama msichana asiye na habari. Kabati la dawa lilikuwa na mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu ule palikuwa na kitabu kinene cha Kifaransa, kilichoachwa na mtu aliyefanya kazi pale kabla yetu. Siku moja nikifagia, baada ya kumleta Masika, nilikitoa, nikaweka tofali mahali pake, nikakifungua nipanguse vumbi, na picha ya kwanza niliyoiona ilikuwa mdomo wangu. Upande ule ule, mpakani pale pale ngozi inapokutana na wekundu wa mdomo. Nilikisoma kwa Kifaransa changu cha shule, neno kwa neno. Kilisema siku moja kabla mgonjwa husikia mahali panawasha na kuchoma, ndiyo. Kilisema malengelenge huja kwa kundi, mahali pale pale, kwa homa, jua, uchovu, siku za mwezi, hata kung'olewa jino, ndiyo, ndiyo. Kilisema yanaambukiza yakiwa na maji, kwa busu na kwa vyombo, na mara ya kwanza huweza kuja na homa na kujaza kinywa kizima. Pale nilikumbuka kikombe cha bluu, nikafunga kitabu. Nilipokifungua tena nilisoma kwamba kidonda cha kaswende mdomoni kwa kawaida ni kimoja, kigumu pembeni, hakiumi, nacho hukaa majuma mengi. Masika alikuwa na vidogo saba, laini, vikimuuma hata akicheka.

Mtu mwenye akili angebeba kitabu hadi mezani. Mimi nilikificha chini ya magunia, kwa sababu Munganga angeuliza tu swali moja: weye unajuaje? Nilikuwa nimeshajenga uongo wangu mapema. Kila mdomo wangu ulipotokwa, nilijifunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini kama wanavyojifunga wenye meno, nikakishusha kidogo mbele, nikasema jino linaniuma. Mfanyakazi wa meno anaumwa jino. Wagonjwa walicheka, nami nilicheka nao. Mara ya pili Munganga hakucheka. Aliniambia uvimbe ukiisha tutalitoa. Ganda lilipoanguka na mdomo ukawa safi, alinikalisha kwenye kile kiti kilichokwama, akaniuliza ni lipi. Nilikuwa na nafasi ya kusema hakuna. Nilinyoosha kidole kwenye gego la chini, kushoto, jino zima kama la ng'ombe. Alilitoa kwa mivuto minne na kulitazama kwenye mwanga, akaniambia, "Unaona? Imeoza kwa ndani." Lilikuwa jeupe pande zote. Pengo lile ninalo hadi leo, na ulimi wangu huenda pale kila ninapotaka kujiona mwerevu. Siku ya pili baada ya kung'olewa, mdomo ulianza kuwasha tena, kama kitabu kilivyosema, nikajifunga kitambaa, safari hii kwa sababu halali.

Ni wiki hiyo hiyo Masika alipotokwa mara ya tatu. Mara ya pili alikuwa ameshapakwa nyekundu na kupigwa sindano, naye hakuniuliza neno ila moja, asubuhi, akiosha kikombe: "Zawadi, weye unaona batu mingi kule. Hii kitu yangu ni nini?" Nilimwambia atapona. Alitaka jina la ugonjwa, mimi nikampa pole. Sasa alikuwa tena kwenye benchi la nje, na gauni lake la shule, madaftari ya wanafunzi magotini, akisahihisha. Alisahihisha pale mbele ya njia nzima ya soko, bila kuinamisha kichwa, kwa kuwa hakujua analo la kuinamia. Na katika waliopita alikuwa shangazi wa Bahati, aliyekuja kutoka Boga kumaliza mazungumzo ya ndoa.

Kesho yake, saa ya chakula, shangazi aliingia kwa Munganga. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao ninaosha koleo, na ukuta ule ulikuwa na mianya ya kupitisha kidole. Mama yule alikaa, akatoa pole ya kazi, akasema taratibu, "Munganga, miye niko shangazi ya Bahati. Ule mwalimu, Masika, nilimuona inje pale. Siye hatutafute mambo. Tunataka tu kujua kama ni ugonjwa ya kuoa nayo."

"Mama," akasema Munganga, na ile sauti ya puani, "siri ya mugonjwa ni siri." Kisha nikasikia droo inafunguliwa. Nilichungulia. Alikuwa ameitoa fishi ya Masika, akaiweka mezani, akaigeuza kwa kidole kimoja mpaka ile pembe nyekundu ikamwelekea mama. "Lakini macho ni yako."

Kisha akaniita. Nilitoka na mikono imelowa, kitambaa kimenifunga taya.

"Huyu anakaa naye lupango moja. Zawadi, ambia mama, ile kidonda imerudia mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Unasikia, mama."

Shangazi hakuwa mjinga, na hakuwa mbaya. Ningependa awe mbaya, ningelala vizuri zaidi. Alimwacha Munganga akageuka kwangu kabisa. "Mutoto wangu, weye ni mwanamuke sawa miye. Kama iko kitu ingine ya kusema, sema. Nitasikia."

Chini ya kitambaa ganda lilikuwa linavuta ngozi. Nilihitaji kukishusha tu, kwa upana wa vidole viwili, na kusema: tazama, mama, na mimi ninayo, na sijajua mwanamume. Mambo yote yangeishia pale. Nilifikiri pembe nyekundu kwenye fishi yangu. Nilifikiri benchi. Nilifikiri kazi, ambayo hata hivyo ilikuwa kazi ya kuosha koleo.

"Munganga ndiye anajua, mama," nikasema.

Dirisha halikuwa na kioo, na Masika alikuwa chini yake, kwenye benchi, akingoja sindano. Alisikia yote. Mama alipoondoka aliingia, akapigwa sindano yake, akasema merci, akaenda shuleni kufundisha vipindi vya alasiri. Asubuhi iliyofuata nilikuta kikombe cha bluu mlangoni kwangu, kimeoshwa kwa majivu kikang'aa. Nilibisha kwake. Alijibu bila kufungua: "Beba tu, kikombe ni yako. Usikunywe tena na miye, Zawadi. Utapata." Ndoa haikutangazwa tena kanisani. Mwaka wa shule ulipoisha, Masika alifunga vitu vyake akarudi upande wa Butembo.

Munganga naye alipata yake kabla mwaka haujaisha. Alitoka kwenye malaria ya siku nne, akaja kazini na malengelenge matano pembeni mwa mdomo, mazuri, ya kitabuni. Nilimngoja achukue kalamu nyekundu. Alichukua vazelini. "Ni homa tu inatoka," akasema, akapaka, akala samaki wake vipande vidogo vidogo bila pilipili, akiinamisha kichwa upande ili chumvi isimguse. Siku ya tisa alikuwa mzima, bila sindano hata moja. Mkuki kwa nguruwe. Nilimdharau mchana kutwa kwa raha kabisa, na nilipofika nyumbani nikanywa chai peke yangu kwenye kikombe cha Masika, na dharau ikabadilisha mwelekeo. Yeye alikuwa hajui. Kitabu nilikuwa nacho mimi.

Baadaye nilikwenda kusoma kazi hii sawasawa, nikarudi, na miaka ikapita mpaka funguo za chumba kile zikawa zangu. Siku ya kwanza nilipasua benchi la nje kuni, tukachemshia koleo. Tangu hapo, mtu akija na malengelenge mabichi, jino lake halikuwa na haraka. Nilimwambia rudi baada ya siku kumi, kwa faida ya mdomo wake na ya vidole vyangu. Nilimfundisha asipasue, apake vazelini, anawe mikono, asijiguse macho, asimbusu mtoto, asishiriki kikombe mpaka ganda lianguke. Pomada ya ugonjwa huu ilipoanza kutufikia kutoka Uganda kwa njia ya Aru, niliwaambia iwekwe siku ile panapowasha, maana ukiingoja siku ya ganda unapaka mafuta tu. Kila mmoja nilimwambia jina la ugonjwa wake, wazi, mbele ya wenzake. Watu walinisifu kwa ujasiri. Na kila mdomo wangu ulipotokwa, nilikaa nyumbani siku mbili tatu na kutuma salamu kwamba nina malaria.

Basi ndivyo tulivyokaa Jumamosi ile chini ya turubai. Vikombe vya chai vilikuwa haba, kama kawaida ya matanga. Masika akapata kimoja, akanywa nusu, akaninyooshea bila kufikiri. Mikono inakumbuka. Nilitikisa kichwa. Akasukuma tena. Hapo sikuwa na la kufanya, maana hata mimi nina mpaka. Nilishusha kitenge kwa upana wa vidole viwili.

"Nisikunywe kwa kikombe yako," nikasema. "Ni ile maneno ya mdomo. Inapitaka kwa kikombe."

Alitazama mdomo wangu muda mrefu. "Na miye niko nayo mpaka leo," akasema. "Munganga moja ya Butembo ndiye aliniambia ni kitu gani. Lakini nilimaliza vingt ans, miaka makumi mbili, nikitafuta zambi yangu." Akazungusha chai ndani ya kikombe. "Kwako ilianza lini?"

"Zamani."

"Mbele ya ile mwaka?"

"Mbele. Tangu niko mutoto."

Uso wake haukubadilika. Alikuwa mwalimu, anajua kujumlisha. Nilimwona akirudi nyuma hatua kwa hatua, kitambaa, jino, kikombe, dirisha. Wakati huo msema-chochote wa matanga akashika kipaza sauti na kuniita, mimi mfanyakazi wa zamani kuliko wote waliobaki, nije nimzungumzie marehemu. Nilisimama nikivuta kitenge puani.

"Toa kwanza ile kitenge," akasema Masika.

Nilikitoa. Nilienda mbele na ganda langu la njano, watu wakalitazama, mjane wa marehemu akalitazama. Nilisema hivi, na sikusema zaidi: "Miye ni Zawadi. Hii kitu iko kwa mdomo yangu inaitwa tutuko. Haiko kaswende, haiko zambi. Inakujaka na homa na inakauka yenyewe, na sindano ao bila sindano. Marehemu alikalisha batu inje sababu ya hii kitu, ndoa zikavunjika. Yeye hakujua. Miye nilijua, nikanyamaza."

Mchungaji alianzisha wimbo haraka haraka. Nilirudi kwenye kiti changu. Masika alikuwa bado ameshika kikombe kwa mikono miwili, chai imepoa.

"Ni ile tu?" akaniuliza, akinionyesha ganda langu kwa kidevu. "Maneno ilikuwa ile tu?"